Mwizi wa Betri ya Tata Kabasele

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakimsema chawa peke yake. Chawa ni mdogo mno, na wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno kwa mdudu wa kuuawa kwa ukucha. Walikuwa wameona kwamba mtu akiumwa, mkono wake hunyooka kwanza kumwonyesha jirani, ilhali kinachomuuma kimejikunja kwapani mwake, kinaota joto lake na kusikiliza mashtaka yake. Anayebisha na aende Kolwezi, katika mitaa ya Manika, aulize habari za Tata, yaani Mzee, Kabasele na betri yake. Atasimuliwa kisa hiki hiki, na huenda akakikuta kimekolezwa chumvi zaidi. Hapa imetiwa ya kiasi tu.

Tata Kabasele alikuwa fundi umeme mstaafu wa migodi ya shaba. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama mbele ya mbao zilizojaa mita kama macho ya nzi, akisoma sindano. Sindano ikilala, mashine imelala. Ikiinuka, mashine inafanya kazi. Ikitetemeka, watu wakimbie. Aliondoka kazini na kikohozi cha vumbi na imani moja isiyotikisika kama mlima. "Mutu anaweza kudanganya," alizoea kusema. "Hata pasta anaweza kudanganya. Mita haidanganyake."

Mali yake kubwa ilikuwa gari aina ya Peugeot 404, la rangi ya maziwa, kongwe kuliko ndoa yake. Gia zake zilikuwa pembeni mwa usukani, honi yake ilisikika hadi mji wa mbali wa Mutshatsha upepo ukiwa mzuri, na kwenye dashibodi palikuwa na kisaa kidogo chenye sindano, kile kinachopima ampea zinazoingia kwenye betri na zinazotoka. Gari hilo lilikuwa limewapeleka kanisani maharusi wa mtaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilisemekana kwamba hakuna ndoa iliyoanzia kwenye kiti chake cha nyuma ikavunjika, isipokuwa mbili, na zote mbili zilikuwa za wadogo zake Kabasele.

Siku hizi macho ya mzee yalikuwa yamefifia, basi usukani alimwachia jirani yake, Tata Kyungu, aliyekuwa dereva wa winchi mgodini. Wazee hao wawili walikuwa chanda na pete. Urafiki wao ulikuwa umevuka hata ile miaka mibaya ambapo watu wenye asili ya Kasai, kama Kabasele, walifukuzwa majumbani wakalala stesheni wakingoja treni. Kabasele aliporudi, alilikuta gari lake chini ya turubai nyuma ya nyumba ya Kyungu, limefutwa vumbi, na magurudumu yamejazwa upepo.

Sasa ilikuwa zamu ya Falonne, mjukuu wa Kabasele, kuolewa Jumamosi. Wakwe walikuwa watu wenye nafasi. Walimtuma mjumbe wao, Bwana Symphorien, aliyevaa viatu vinavyong'aa kiasi kwamba kuku walijitazama humo, aje kusema kwamba bibi harusi ataletewa gari la jipu, jeupe, la kukodi, lenye hewa baridi.

"Mjukuu wangu atapanda motokari ya kaku yake," Kabasele alijibu.

"Tata, tumesikia kama hiyo motokari inasukumwaka," alisema Symphorien kwa adabu. "Na Falonne atakuwa na kanzu nyeupe. Nani atasukuma?"

Wakakubaliana hivi: Ijumaa saa sita mchana Symphorien atakuja. Gari likiwaka lenyewe, bila kusukumwa, ndilo litakalombeba bibi harusi. Lisipowaka, jipu litakuja.

Ni kweli lilikuwa likisukumwa, kwa kuwa dinamo yake ya asili ilikuwa imekufa. Kabasele alikuwa amekwisha kwenda kwa Mama Tshibola, muuza vipuri vilivyotolewa kwenye malori yaliyochakaa, akanunua alteneta iliyotumika ishike kazi ya dinamo ya kulisha betri. "Hii inalisha hata lori la kubeba udongo," Mama Tshibola alimwambia. "Motokari yako itavimbiwa." Kabasele aliifunga mwenyewe kwa bolti nne, kwani fundi wa mgodi haitiwi mkono na mtoto wa gereji.

Wajuzi wakazie macho hapa. Zamani umeme wote wa dinamo ulipita katika kile kisaa cha dashibodi ndipo ukafika kwenye betri. Lakini mgodini, umeme mkubwa haupitishwi kamwe ndani ya mita ndogo, la sivyo mita huungua kama jani. Kabasele alikumbuka sheria hiyo, akaona alteneta ya lori ni umeme mkubwa. Basi akachukua waya mnene, akaupeleka moja kwa moja kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri, kisaa akakipita pembeni kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Kisaa kikabaki kuona tu kile kilichotoka kwenye betri kwenda kwenye taa, honi na vinginevyo.

Alipowasha injini, betri ilianza kula vizuri, lakini sindano ikaangukia upande wa kutoa. Kabasele alikunja uso. Akabadilisha nyaya mbili zilizokuwa nyuma ya kisaa, ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Sindano ikainama upande wa kuingiza, ikatulia. Naye akatulia.

Jioni ile ya Jumapili aliwaita majirani waone ajabu. Akawasha taa ndogo; sindano ikasogea upande wa kuingiza. Akawasha taa kubwa, ikazidi kusogea. Akapiga honi juu ya hayo, ikaruka.

"Mnaona?" alisema. "Motokari zingine zikitumia zinafilisika. Yangu ikitumia, inatajirika."

Mkewe, Mama Blandine, alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wa bukari, ugali wa huko, mkononi. "Zima injini," alisema.

Akaizima. Taa zikabaki zinawaka, na sindano ikabaki vilevile, upande wa kuingiza.

"Injini imelala," alisema Blandine. "Taa iko inakula. Na ile kisaa inasema inaingia. Inaingia inatoka wapi?"

"Mama Blandine, haya mambo ni ya mgodini."

"Mi nauliza tu."

Kyungu alicheka hadi akajishika mbavu, na kila mtu akaenda zake akiwa ameelewa kidogo kuliko alipokuja.

Jumatatu asubuhi gari halikuwaka. Betri ilikuwa kavu kama mto wa kiangazi. Kabasele aliipeleka ichajiwe, akairudisha, gari likawaka kwa mshindo mmoja. Jumanne asubuhi, kimya tena. Alikaa kwenye kiti cha dereva akiitazama sindano. Kila kitu kilikuwa kimezimwa, na sindano ilisimama katikati kabisa, kwenye sifuri, imenyooka kama askari. Haikuingiza wala haikutoa.

Akili ya Kabasele ilianza kuzunguka kama tiara. Sindano inasema hakuna kitu ndani ya gari kinachokula umeme. Sindano haidanganyi. Betri imeliwa. Basi mlaji ametoka nje.

Jumanne hiyo akafuata desturi ya mgodini. Huko mtu akitengeneza mashine huifunga kwa kufuli lake na kutundika kibao chekundu, na hata mkurugenzi hawezi kuigusa. Akafunga boneti kwa mnyororo na kufuli, akatundika kibao. Jumatano asubuhi kufuli lilikuwa zima, mnyororo mzima, kibao mahali pake, na betri imekufa.

"Huyu anapita katika kufuli," alinong'ona.

Jirani mmoja alishauri maombi. Mwingine alisema ni umeme wa migodini unaovuta wenzake chini ya ardhi, kwamba Kolwezi yote imetobolewa na wachimbaji, na betri yoyote iliyowekwa juu ya handaki la shaba huvuja. Kabasele alicheka hadharani. Faraghani akalisogeza gari hatua sita upande wa ukuta. Jioni akamwaga majivu ya makaa kulizunguka gari lote, ili mwizi aache nyayo.

Alhamisi asubuhi nyayo zilikuwepo. Zilizunguka gari mara mbili, zikasimama kwenye boneti, zikarudi. Kabasele alizipima kwa kamba. Mguu mrefu, ndala za mpira, kisigino cha kulia kimelika upande. Alifuata nyayo hizo kwa kuinama kama mbwa wa polisi, zikampeleka hadi mlangoni pake, hadi chini ya kitanda chake, hadi kwenye ndala zake mwenyewe.

"Ni wewe ulimwaga majivu," alisema Blandine. "Ulirukaka?"

Asubuhi hiyo alimwita Merdi, fundi wa gereji ya jirani. Merdi alikuta betri imetoka kuchajiwa. Akawasha injini, akapima hiki na kile, akasikiliza, akanusa.

"Tata, hii motokari haiumwe. Betri ni nzima, alteneta inalisha. Mi sioni kitu." Kisha akaangalia nyaya kwa muda. "Nani alifunga hizi?"

"Ni mimi. Miaka thelathini na moja ya mgodini."

Merdi alianza kukusanya vyombo vyake. Kumwambia mzee wa umeme kwamba nyaya zake ni za ajabu ni kama kumwambia padre kwamba amekosea Baba Yetu. "Ni kazi ya nguvu, Tata," alisema, akafunga mkoba wake akaondoka akijikuna kichwa.

Kabasele akabaki peke yake, amechanganyikiwa kama kuku aliyehamishwa banda. Gari zima, betri nzima, mita nzima, kufuli zima. Na kila asubuhi maiti. Alipoinua macho, aliona juu ya ukuta wa Kyungu kitu ambacho hakikuwepo mwezi uliopita: taa ndogo nyeupe, na waya mwembamba unaoshuka upande wa pili. Ghafla kila kitu kikamwia wazi, kama inavyokuwa kwa mtu aliyechoka kutoelewa.

Hakwenda kwa Kyungu nyumbani. Laiti angekwenda. Alimkuta kwenye bomba la maji, mahali ambapo mtaa mzima hupanga madumu yake, na akasema mbele ya akina mama kumi na wanne.

"Kyungu, hiyo taa yako inakula wapi?"

"Inakula jua," alijibu Kyungu. "Mutoto wangu alinitumia sahani ya jua. Uliiona?"

"Nimeona taa. Na kila asubuhi betri yangu imekufa."

Madumu yaliacha kugongana. Kyungu aliweka lake chini polepole.

"Sema vizuri, Kabasele. Sema yote."

"Mwizi wa umeme wangu ni mutu wa karibu. Mwenye kujua motokari yangu vizuri."

Kyungu alijibu kwa sauti ndogo. "Ile miaka nilikuchungia motokari nzima, miezi kumi na nne. Batu walikuja kuiuliza, nikasema haiko. Nilitaka kuiba, ningengoja miaka yote hii niibe betri?" Akainua dumu lake. "Tafuta dereva mwingine."

Habari zilimfikia Falonne kabla dumu la Kyungu halijafika nyumbani. Alikuja jioni, nywele zake nusu zimesukwa, akasimama mbele ya babu yake.

"Kaku, ni kweli ulimuita Tata Kyungu mwizi?"

"Sikutaja jina. Nilisema mutu wa karibu."

"Kama Tata Kyungu haendeshi, mi nakubali jipu. Sitaki kwenda kanisani ndani ya kesi."

Usiku ule Kabasele hakuonja chakula. Alikuwa amepoteza gari, dereva na mjukuu kwa siku moja, na bado hakujua ni kwa nini.

Ijumaa saa moja asubuhi betri ilirudi kutoka kuchajiwa, akaifunga, akafungua boneti na kukaa mbele yake juu ya kibao, akiitazama tu. Hakuwasha injini; aliogopa kuimaliza betri kabla Symphorien hajafika. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Kolwezi wakati huo huingia mifupani kama deni. Saa tatu Mama Blandine alimletea chai. Alikuwa ametoka kufua, vidole vyake vimekufa ganzi. Alimpa kikombe, akaangaza ndani ya boneti akitafuta pa kuwekea mikono, akaiweka juu ya alteneta.

Akafumba macho kwa raha. "Aa. Hii iko moto muzuri."

"Iko moto?"

"Kama chungu ya bukari."

Kabasele aliweka chai chini. "Injini haijawaka tangu jana asubuhi."

"Basi hiki chuma kinapikwa na nani?"

Mzee aligusa injini: baridi kama kaburi. Aligusa betri: baridi. Aligusa alteneta, na akauvuta mkono haraka kana kwamba ameguswa yeye. Chuma kisichofanya kazi hakipati joto bure. Kina kitu kinachokula. Taratibu, kama mtu anayefunua nguo ya mgonjwa, alichukua spana akalegeza ule waya mnene. Ulipoachana na alteneta palitoka cheche ya buluu, na swichi zote zilikuwa zimezimwa. Akaugusisha tena. Cheche. Akachungulia dashibodi. Sindano ilikuwa kwenye sifuri, imenyooka, haina habari.

Ndipo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko kutoelewa. Ndani ya kila alteneta mna vijilango vya umeme, diodi, ambavyo kazi yake ni kuruhusu umeme utoke kwenda kulisha betri na kuuzuia usirudi. Katika hii ya Mama Tshibola, mlango mmoja ulikuwa umeoza. Mchana injini ikizunguka ililisha betri kama mama. Injini ikilala iligeuka, ikainyonya usiku kucha kama kupe. Na mita isingeweza kuona lolote, kwa sababu yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alikuwa ameupitisha ule waya nyuma ya mgongo wa mita, kisha akaigeuzia nyaya ili iseme maneno ya kupendeza. Mita haikuwa imedanganya. Ilikuwa imefumbwa macho na kufundishwa uongo na fundi wa miaka thelathini na mmoja ya mgodini.

"Nimeelewa," alisema.

"Nini?"

"Ile swali yako ya siku ile. Inaingia inatoka wapi."

Blandine alirudisha mikono yake juu ya chuma. "Mi niliuliza tu," alisema. "Sasa waya inabaki nje, motokari itawaka saa sita. Lakini nani ataendesha?"

Katika mitaa ile kuna kanuni ambayo haikuandikwa: neno hulambwa pale lilipotemwa. Ukimtukana mtu nyumbani, utamwomba radhi nyumbani. Ukimtukana bombani, bombani. Kabasele alivaa koti lake la kustaafu na kwenda kwenye bomba. Akina mama walikuwapo, wengi kuliko jana, maana maji huwa matamu zaidi penye kesi. Kyungu alikuwa kwenye foleni. Hakugeuka.

"Tata Kyungu," Kabasele alisema kwa sauti ya kusikika. "Mwizi amepatikana."

"Pongezi," alisema Kyungu, akilitazama dumu lake.

"Ni alteneta. Inalisha mchana, inakula usiku."

"Haina jina? Haina nyumba? Jana mwizi alikuwa mutu."

Kabasele angeweza kusema diodi, angeweza kumtaja Mama Tshibola na lori lililochakaa, na wote wangetikisa vichwa kwa heshima bila kuelewa. Badala yake alivua kofia.

"Nyumba yake ni kwangu. Nilimnunua mimi. Nilimfunga kwa bolti nne, mimi. Mita ilikuwa na macho, nikaifumba, ni mimi. Halafu nikaja hapa mbele ya bamama, nikanyoosha kidole kwa mutu aliyenichungia mali yangu wakati mi sikuwa na pa kulala. Nilikosa. Nisamehe."

Hakuna aliyesogeza dumu. Mama mmoja alifunga bomba ili asikie vizuri.

Kyungu aligeuka hatimaye. Alimtazama rafiki yake kuanzia kofia iliyo mkononi hadi zile ndala zilizolika upande. "Kwa hiyo ulilala na mwizi wiki nzima."

"Wiki nzima."

"Na ukamfungia kufuli, asitoroke."

Wa kwanza kucheka alikuwa yule mama wa bomba, kisha wote, na Kabasele akavumilia kicheko kile kama mtu anayevumilia dawa. Kyungu peke yake hakucheka. Alichukua dumu lake tupu, akamkabidhi Kabasele.

"Nijazie. Mi naenda kuvaa suruali ya kuendeshea."

Saa sita kamili Symphorien alifika na viatu vyake. Kabasele aliunganisha ule waya mnene, Kyungu akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo mara moja. Gari liliunguruma hadi kuku wakapanda ukutani. Symphorien alisubiri kidogo, kana kwamba anatumaini litabadili nia, kisha akatoa simu yake na kuwaambia wakubwa zake kwamba jipu lisije.

Jumamosi Falonne alikwenda kanisani ndani ya lile gari la rangi ya maziwa, Kyungu akiendesha kwa mkono mmoja na kupiga honi kwa mwingine, Kabasele akiwa pembeni na spana mfukoni. Kila waliposimama alishuka mbio kuutoa waya, na kila walipoondoka aliurudisha, wageni wakidhani ni desturi ya ndoa za Kasai. Wengine hata walipiga makofi. Sindano ya dashibodi ilikuwa imerudishiwa nyaya zake za asili. Taa zilipowaka iliangukia upande wa kutoa, upande wa aibu, na mzee akaiacha iseme. Siku nzima, kila aliyemuuliza ni nani basi aliyekuwa akimwibia umeme, hakumwonyesha ukuta wa jirani, bali alijigusa kifuani, kwenye koti lake mwenyewe, na kumjibu kama walivyokwisha kujibu wahenga: usimtafute mbali, kikulacho ki nguoni mwako.